Mashamba Yetu: Inzi Mweupe na Vipando vya Mihogo

Tangu ukurasa huu wa mashamba uanze, swali moja limetufikia mara nyingi kuliko mengine yote. Hutoka Sange na Kiliba, hutoka Makobola na Mboko. Mwandiko hubadilika, lakini maneno ni yale yale: mihogo yetu imepatwa na mozaiki, majani yamejikunja na kuwa na mabaka ya manjano, tupeni jina la dawa. Leo twajibu, ingawa jibu letu si jina la dawa, na huenda wengine wasilipende.

Kwanza tuseme jambo hili lina uzito gani. Katika bonde la Ruzizi na kando ya ziwa letu, toka Luvungi hata Baraka, muhogo ndio chakula. Mizizi yake hulowekwa, huanikwa na kusagwa, ikawa bugali. Majani yake hutwangwa, yakawa sombe. Na pamoja na sombe hiyo huja ndakala wa ziwa, siku wavuvi wakijaliwa. Mahindi yana msimu wake, mpunga wa bondeni wahitaji maji na fedha, bali muhogo hukaa udongoni ukimngoja mwenyewe. Mama asiye na kitu nyumbani aweza kwenda shambani alasiri na kurudi na chakula cha watoto na mboga yake, vyote viwili katika mti mmoja. Hata karo ya shule mara nyingi hutoka katika gunia la mihogo mikavu. Basi mti huo ukiugua, nyumba hupungukiwa na bugali, na mboga, na karo kwa wakati mmoja.

Sasa tumtazame mdudu mwenyewe. Ingieni shambani asubuhi, mtikise tawi la muhogo polepole. Mtaona kama unga unaruka, kisha unatua tena. Unga huo ndio inzi weupe. Jina lao lapotosha kidogo, kwa maana wadudu hawa si inzi. Wenye elimu ya wadudu huwahesabu karibu na vidukari, wale wanaofyonza utomvu wa maharage. Urefu wa mmoja wao ni kama milimita moja. Jike hutaga mayai mia na zaidi upande wa chini wa jani. Watoto hujibandika papo hapo kama magamba madogo, wakafyonza. Na baada ya majuma matatu au manne hutoka na mabawa. Hupenda joto, na joto letu la kando ya ziwa lawafaa sana. Kadiri mtu apandavyo milimani, ndivyo idadi yao ipunguavyo.

Wadudu hawa wakiwa wachache, hawaui mti kwa kufyonza peke yake. Wakizidi, majani hupakaa kitu kitamu kama asali, na juu yake huota ukungu mweusi kama masizi. Lakini balaa kubwa imo mdomoni mwao, nayo ni virusi. Virusi ni vitu vidogo mno, visivyoonekana hata kwa darubini ya shuleni, wala haviwezi kuzaana mpaka viingie ndani ya chembe hai na kuilazimisha iache kazi yake na kufanya kazi yao. Muhogo uliovamiwa hivyo hauwezi tena kutengeneza jani lililo kamili.

Wanafunzi watapenda kujua jinsi siri hii ilivyogunduliwa. Mwaka 1894 Mjerumani mmoja, Warburg, aliandika juu ya mihogo ya Usambara iliyokuwa na majani ya kujikunja. Wakati huo hapakuwa na mtu aliyejua virusi ni nini. Mwaka 1898 Mholanzi Beijerinck alionyesha kwamba maji ya tumbako iliyougua huambukiza tumbako nyingine hata yakipitishwa katika chujio lizuialo bakteria. Mwaka 1932 Kufferath na Ghesquière waliandika juu ya mozaiki ya mihogo hapa Kongo, wakamtaja inzi mweupe kuwa ndiye mchukuzi. Na huko Amani, katika milima ile ile ya Usambara, ambako Wajerumani walikuwa wamejenga kituo cha kuchunguza mimea mwaka 1902, mtaalamu Storey na wenzake waliifuata habari hiyo kwa miaka mingi wakati wa utawala wa Waingereza.

Jambo moja zaidi la kushangaza. Muhogo ni mgeni kwetu. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16. Lakini mozaiki ya mihogo ya Afrika haionekani huko Amerika. Maana yake ni kwamba mgeni aliukuta ugonjwa huu hapa hapa, katika mimea ya porini, na inzi ndiye aliyewakutanisha.

Inzi hufanyaje kazi hiyo? Hutia mdomo wake katika jani gonjwa na kufyonza kwa muda wa saa tatu hivi au zaidi. Virusi huingia mwilini mwake. Baada ya saa kadhaa huwa tayari kuambukiza. Kisha dakika 10 tu za kufyonza jani zima zatosha kuupa mti ugonjwa. Naye huendelea hivyo kwa siku kama tisa, mti baada ya mti.

Mpaka hapa kila msomaji atasema: basi mwenye hatia ni inzi. Hapo ndipo twataka kusimama kidogo, kwa sababu kuna mchukuzi mwingine, naye ana miguu miwili.

Muhogo hatuupandi kwa mbegu kama mahindi. Twakata shina la mti wa zamani, twalitia udongoni, nalo huchipuka. Kipando hicho ni mwili ule ule wa mti wa mama yake. Mama akiwa na virusi, kipando kinavyo pia, na mti mpya huugua tangu jani la kwanza. Inzi huruka mwendo mfupi, na upepo humsukuma mbele kidogo. Lakini hawezi kufungwa tita, akapakiwa juu ya baiskeli, akavuka mpaka wa Kavimvira, au akatiwa katika mtumbwi mpaka Ubwari. Tita la vipando laweza. Tena hasara zake si sawa. Mti ulioambukizwa na inzi ukiwa umekwisha kukua hupungua kidogo. Mti uliotoka katika kipando kigonjwa ndio unaozaa mizizi kama vidole vya mtoto.

Alama ya kutofautisha ipo, na mtoto wa darasa la nne aweza kuifahamu. Mti wa mwezi mmoja au miwili ukiwa na mabaka katika majani ya chini kabisa, yaliyotoka kwanza, ujue kwamba ugonjwa umekuja na kipando: umeupanda mwenyewe. Majani ya chini yakiwa mazima, na mabaka yakaonekana kwa yale ya juu tu, inzi ndiye aliyeuleta. Tazameni mashamba yenu kabla ya kumlaumu mdudu.

Ni nini hutokea wachukuzi hawa wawili wakishirikiana? Uganda ilijifunza kwa machozi. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kaskazini ya Kampala, upande wa Luwero, ilizuka mozaiki kali kuliko ile ya zamani. Ilishuka kusini kwa mwendo wa kilomita 20 au 30 kila mwaka, na mbele yake walikuwako inzi weupe wengi ajabu. Watu waliacha kupanda muhogo, na sehemu nyingine njaa iliingia. Mwaka 1997 wataalamu walitangaza kwamba virusi vya namna mbili vilikuwa vimekutana ndani ya mti mmoja, vikabadilishana sehemu za miili yao na kuzaa namna ya tatu iliyo mbaya zaidi. Mwaka 1999 ilikuwa Kagera katika Tanzania. Mwaka 2003 ilionekana Burundi, ng'ambo ya Ruzizi. Nayo Kivu yetu ya Kusini haikusalimika.

Kwetu ilikuta mashamba yaliyokwisha kuumizwa na vita. Wazee wanakumbuka mwaka 1996 na miaka iliyofuata, watu walipokimbilia milimani au kuvuka ziwa kwenda Kigoma. Aliyerudi alilikuta shamba lake msitu, akaomba vipando popote alipoweza, kwa kuwa mwenye njaa hachagui. Hatumlaumu yeyote kwa hayo. Twasema tu kwamba shamba likianza upya kwa vipando vya bahati, huanza upya na magonjwa yake yote.

Na hapa twafika mahali pagumu. Katika nchi yetu kupeana vipando ni desturi njema. Binti akiolewa, mama humfungia tita. Jirani akirudi kutoka safari ndefu, humpunguzia miti yako bila kumdai kitu. Anayenyima huitwa mchoyo, na neno hilo halisahauliki upesi. Hatutaki desturi hiyo ife. Lakini kumpa ndugu yako kipando kigonjwa hali unajua, kwa kuogopa tu kusemwa, hakumsaidii. Ni kumkopesha njaa ya mwaka ujao. Heri kumwambia: miti yangu ni migonjwa, twende tukatafute pamoja. Na mwenye miti mizima ana deni kwa jirani kuliko mtu mwingine yeyote wa kijiji, kwa sababu kipando kizima kimoja ni kitu ambacho fedha ya dukani hainunui.

Mtu mmoja alitupinga kwa Injili. Alisema: Bwana wetu, katika mfano wa magugu, aliwakataza watumishi wasing'oe mpaka mavuno, basi kwa nini ninyi mwatuambia tung'oe? Twamjibu kwa heshima kwamba mfano ule ni habari ya watu na hukumu ya Mungu. Magugu ya mfano ule hayakupewa jirani ayapande kwake.

Hata hivyo hatusemi kila mti mgonjwa ung'olewe, bila kujali umri wake wala njaa ya mwenyewe. Fikirini mjane mwenye shamba moja, lote lina mabaka, na watoto watano. Kumwambia ang'oe yote leo ni kumwonea. Mti mchanga, wa chini ya miezi mitatu, wenye mabaka tangu chini, na ung'olewe mara, kwa maana hautazaa kitu cha maana nao utawalisha inzi virusi. Mti uliokomaa na auache udongoni, ale mizizi yake kidogo kidogo, achume sombe yake. Wengine huogopa, basi tuseme wazi kwamba virusi vya muhogo havimdhuru mwanadamu, na sombe ya mti wenye mabaka, ikitwangwa na kupikwa vema kama desturi, haimwambukizi mtoto ugonjwa huo. Jambo moja tu mjane huyo asifanye: asikate vipando katika shamba hilo, wala asimpe mtu. Akimaliza kuvuna, vipando vipya vitoke kwa jirani zake. Hilo ni jukumu letu sote, na pengine lafaa litajwe katika mkutano wa shirika siku zinapohesabiwa shida za wajane.

Wataalamu nao hawakulala. Huko Amani katika miaka ya 1930 walizalisha muhogo pamoja na ndugu yake, mti wa mpira wa Ceará, uliokuwa umepandwa Tanganyika kwa biashara ya mpira. Majani ya mti huo watu wa Tanzania huyapika mpaka leo, wakayaita kisamvu cha mpira. Kazi hiyo ya kuchanganya uzao na kuhesabu watoto ilifuata njia ya mtawa Gregor Mendel, Mwagustino wa Brno, aliyetoa habari ya njegere zake mwaka 1866. Tunalitaja hili kwa ajili ya wanafunzi wetu wanaodhani kwamba bustani ya misheni ni mahali pa adhabu. Uzao wa Amani ulipelekwa Nigeria katika miaka ya 1950, na baadaye taasisi kubwa ya kilimo ya Ibadan ikautumia kutoa aina zinazostahimili mozaiki. Aina za namna hiyo zimefika hata kwetu kwa njia ya kituo cha Mulungu, karibu na Bukavu, na mojawapo huitwa Sawasawa.

Jina hilo ni zuri, ila tusilitegemee mno. Kuna ugonjwa wa pili, ambao Watanzania huuita michirizi ya kahawia, na mchukuzi wake ni huyo huyo inzi mweupe pamoja na mkono wetu. Storey aliueleza huko Amani mwaka 1936, na kwa miaka mingi ulijulikana hasa pwani na katika nchi za chini. Tangu mwaka 2004 hivi ulionekana Uganda. Mwaka 2012 taarifa ya kwanza yenye uhakika ilitoka Kivu ya Kaskazini, na tangu hapo umezidi kushuka kusini. Aina nyingi zilizoshinda mozaiki haziushindi huu. Ubaya wake ni unafiki. Majani ya juu huwa mabichi na mazuri. Ya chini tu, yaliyozeeka, huwa na umanjano kando ya mishipa. Mwenye shamba hufurahi mwaka mzima, kisha siku ya kuvuna akikata mzizi hukuta uozo mkavu wa rangi ya kahawia, mgumu kama gome. Kwa hiyo mtu asichukue vipando kwa kutazama uzuri wa majani tu. Akate mizizi miwili mitatu ya mti huo huo. Ikiwa na doa la kahawia ndani, mti huo si wa kutoa vipando, hata kama unapendeza namna gani. Mizizi iliyo safi ya shamba lililoingiwa na michirizi na ivunwe mapema, kwa sababu uozo huzidi kadiri ikaavyo.

Na dawa ya kunyunyiza? Wauzaji wapo sokoni. Sisi hatuishauri kwa mihogo. Inzi hukaa chini ya jani ambako maji ya dawa hayafiki vema. Wakubwa wakifa leo, wengine huja kesho kutoka shamba la jirani. Na dawa huwaua pia nyigu wadogo wanaotaga mayai ndani ya watoto wa inzi na kuwamaliza bila malipo. Tena jani hilo ni sombe. Mama hulichuma jioni kwa watoto bila kuuliza lilinyunyizwa lini.

Wenye bustani za nyanya wataona tumewasahau. Nyanya nazo hupata ugonjwa wa kujikunja kwa majani, na anayeuleta ni inzi mweupe. Kitalu na kiwekwe mbali na nyanya za zamani, na hizo za zamani ziondolewe mara baada ya mavuno. Wengine hufunika kitalu kwa chandarua cha mbu. Matundu yake humzuia mbu, lakini mdudu wa milimita moja, mwembamba hivyo, hupita bila kuinama. Chandarua hicho kina kazi nyingine usiku juu ya mtoto; na wale wanaovulia samaki kwa vyandarua hivyo wanajua wenyewe tunalofikiri.

Sasa namna ya kuchagua. Kosa la wengi ni kuchagua vipando mwezi wa Septemba, mvua ikikaribia. Wakati huo kiangazi kimekwisha kuangusha majani mengi, na shina gonjwa na shina zima hufanana kama mapacha. Chagueni mwezi wa Aprili au wa Mei, miti ikiwa na majani yote. Piteni mstari kwa mstari, na kila mti ulio mzima toka chini hata juu ufungeni kamba ya mgomba au kitambaa. Mvua ikirudi, kateni vipando katika miti yenye kamba peke yake, baada ya kuipasua mizizi yake kama tulivyosema. Urefu wa kila kimoja uwe kama shubiri moja hivi, nacho kiwe na vifundo vitano au zaidi. Shamba jipya lisipakane na la zamani lenye ugonjwa. Kama nafasi haipo, lisiwe upande ule ambao upepo hutoka kwa wagonjwa. Kisha kwa miezi miwili ya kwanza lipitieni kila juma, mkaondoe walioanza vibaya.

Walimu wa shule zetu wana shamba la shule, nao wana wanafunzi wajuao kuhesabu. Twaomba kila shule ihesabu miti 100 ya muhogo mchanga na kutuandikia namba tatu: miti mingapi ni mizima, mingapi ina mabaka tangu majani ya chini, na mingapi ina mabaka juu tu. Tutazichapa namba hizo katika ukurasa huu kwa jina la kijiji, bila kutaja mwenye shamba.